Mgongo wa Bibi Esteri

Mwaka 1996 Odilia, muuguzi kutoka Bukoba, alipangiwa kazi katika makazi ya wazee nje kidogo ya mji wa Kibondo. Aliwakuta wazee ishirini na mmoja, na mhudumu mmoja tu wa kuwapikia, kuwafulia na kuwaogesha. Choo kilikuwa mbali, na masika njia yake iliteleza. Kabla hajamaliza miezi mitatu, wazee wawili walianguka wakavunjika nyonga.

Aliyemnyima raha zaidi ni Bibi Esteri, mwenyeji wa Busunzu, aliyepooza upande mmoja. Godoro lake la majani lilikuwa limebonyea hadi kwenye mbao, na mgongoni alikuwa na kidonda cha kulalia kilichoingia vidole viwili. Odilia alikiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Bibi alikunja uso, lakini hakulia.

Habari zikaja kwamba mkaguzi anatoka mkoani. Msimamizi wa makazi, Mzee Longinus, akaazima mashuka na magodoro shuleni, akaagiza Bibi Esteri alazwe chali na kufunikwa vizuri.

Mkaguzi, Bwana Gharibu, alipita akiandika. Alipofika kwa Bibi Esteri, Odilia alilivuta shuka.

"Naomba umtazame mgongo," alisema.

Wakamgeuza. Gharibu alitazama, akamwomba bibi radhi, akatoka nje akasimama peke yake. Siku hiyo Odilia alikula akashiba, mara ya kwanza tangu afike.

Baada ya mwezi barua ikaja. Makazi hayakufikia viwango vya usalama. Yafungwe ndani ya siku kumi na nne, wazee warudishwe kwa jamaa zao. Haikutaja magodoro wala mhudumu wa pili.

Longinus hakumgombeza. "Nilijua wangeandika hivyo, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa naazima mashuka."

Mzee Habonimana, kipofu, hakuwa na jamaa. Alipelekwa Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, kwa kuwa alizungumza Kirundi, ingawa aliishi Kibondo tangu mwaka 1972. Bibi Esteri alipelekwa Busunzu na Odilia mwenyewe, kwa gari la misheni. Mke wa mjukuu wake, Elieth, alikuwa na watoto watano na nyumba ya vyumba viwili. Hakukataa. Akatandika mkeka jikoni. Odilia alimwachia chumvi na bendeji, akamwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili.

Aliporudi Jumamosi ya tatu, alionyeshwa kaburi.

"Nilikuwa namgeuza asubuhi na jioni," Elieth alisema. "Mchana nilikuwa shambani, dada. Ningefanyaje?"

Odilia alishika jembe, akamsaidia kupalilia mpaka jua lilipoelekea kuzama.

Jumatatu, katika ofisi ya wilaya, alipewa fomu ya kufungia makazi. Iliandikwa kwamba wazee wote wamerejeshwa kwa familia zao wakiwa salama. Aliuliza kama sentensi hiyo inaweza kubadilishwa. Akaambiwa fomu imekwishachapwa. Alikaa nayo hadi saa kumi, kisha akasaini.