Posa ya Asilimia Themanini na Saba

Usiku wa jana niliota utafiti wangu unaposwa.

Ulikuwa chumbani, umejifunika kanga, kurasa zote zimepakwa hina. Utafiti huo unauliza kama uji wa asubuhi shuleni huwasaidia watoto kufaulu hesabu, na kukicha ulitakiwa mezani kwa mhadhiri. Ulikosa takwimu moja tu ya kuushika mkono. Nilikuwa nimekata tamaa, ningeuoza kwa yeyote.

Hodi ikapigwa. Akaingia Asilimia Themanini na Saba, suti imenyooka, ananukia marashi.

"Natoka mtandaoni," akasema. "Wanywaji uji asilimia themanini na saba hufaulu hesabu. Ndimi huyo."

Moyo ukaniruka. Nikataka kuita mpishi wa pilau papo hapo. Lakini mkekani alikaa Shangazi Mwanaheri, na katika ukoo wetu hakuna posa inayopita asiipekue.

"Marahaba," akasema shangazi, ingawa hakuna aliyemwamkia. "Kwenu wapi, baba?"

"Nimetajwa na tovuti kumi na nne."

"Sijakuuliza wanaokutaja. Nimekuuliza kwenu."

Mchumba akawaita mashahidi. Tovuti kumi na nne zinaingia, zimevaa shati la aina moja, zinasema maneno yale yale na kukohoa mahali pale pale. Shangazi anaiuliza kila moja nani kaiambia. Kila moja inamnyooshea kidole jirani yake, na ya mwisho inainyooshea ya kwanza. Hazioni tatizo. Zinaomba soda.

"Twendeni kwao," akasema shangazi, na sebule ikawa kiwanda cha unga wa lishe. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mkeka ulikuja nasi.

Baba mtu alikuwa pakiti ya unga ya kilo moja.

"Nilimzaa wiki ya matangazo," akasema bila aibu. "Tuliwanywesha uji watoto wanane, saba wakafaulu."

"Watoto wa nani?"

"Wa mwenye kiwanda."

"Saba kwa wanane ni themanini na saba na nusu. Nusu iko wapi?"

"Ilianguka njiani."

Shangazi akajitanda vizuri. "Posa hatuipokei."

Nikalia kwa kwikwi. Kunakucha, na utafiti wangu hauna mtu! Mchumba akanipa leso yake nijifute. Ilikuwa na tangazo la unga.

Hodi tena, ya taratibu. Asilimia Hamsini na Tatu, amevaa kandambili. Nilimfahamu: niliwahi kumsoma kwenye ripoti moja nikamwona hana mvuto. Safari hii kaja na mwalimu aliyemhesabu.

"Shikamoo, shangazi. Mimi ni wa shule mbili tu, wilaya moja. Na huenda si uji peke yake. Wengi wa wanywaji uji waliofaulu wanakaa karibu na shule. Kwingine msinitaje, huko sikujui."

Shangazi akamuuliza hili na lile. Alilojua alijibu, asilolijua alisema hajui.

"Huyu!" akasema shangazi, akapiga vigelegele mpaka magunia yakatikisika. Utafiti wangu ukatokea nyuma ya magunia unacheka, nami nikafurahi kuliko siku zote za masomo yangu.

Nikaamka. Nikafuta themanini na saba niliyokuwa nimeiokota mtandaoni, nikaandika hamsini na tatu na kasoro zake zote. Sura ilipungua urembo, lakini nilipumua.

Simu ikaita. Shangazi Mwanaheri, kutoka Pangani, sauti inakwaruza hata haisikiki vizuri.

"Saumu, mwanangu, jana nimelala mapema kabisa. Mbona nimeamka koo limekauka hivi? Nani kaolewa?"