Tangazo la Kimulot

Elmina Nyagaka hakuwa mtu wa kuyumbayumba. Ofisi yake ya kupiga chapa mjini Kericho, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, ilikuwa na kompyuta mbili, modemu, na laini ya simu aliyoipigania hadi mafundi wakamjua kwa jina. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tisa, Umoja wa Vilima ulipoamua kuwa na tovuti yake, hakuna aliyeuliza kazi apewe nani.

Umoja huo ulikuwa wa wazazi wa Kimulot, Kiptere na Merigi ambao watoto wao walikuwa wakisoma ng'ambo. Watoto walilalamika kwamba habari za nyumbani huwafikia zikiwa zimepoa. Mtu anaolewa, anajifungua, na ndugu yake aliye mbali bado anatuma pongezi za harusi. Mwenyekiti, Mwalimu Kipkirui, mstaafu mwenye pikapu na subira kidogo, alimwambia Elmina atafute mfumo wa kuendeshea tovuti hiyo, kisha kamati imsikilize.

Mezani ilikuja mifumo miwili. Wa kwanza aliuleta Kiplimo, kijana nadhifu kutoka kampuni moja ya Nairobi. Kwa mfumo wake, Elmina angekusanya habari, azitume kwa barua pepe, na mafundi wa Nairobi wazipange kwenye kurasa zenye picha na rangi za kupendeza. Wa pili uliundwa na Makori, mwalimu wa hesabu huko Kiptere, ambaye likizo zake zote ziliishia kwenye kompyuta. Katika mfumo wake hakukuwa na fundi wa kungojewa. Mwandishi wa kila kituo, yaani Kimulot, Kiptere au Merigi, angekuja mjini akiwa na shughuli zake, aketi ofisini kwa Elmina, aweke neno lake la siri, aandike habari ndani ya visanduku, abonyeze, na ukurasa ujipange wenyewe na kuonekana dunia nzima.

Elmina aliupenda mfumo wa Makori papo hapo. Aliuliza jambo moja tu: nani anasoma habari kabla haijatoka? Makori akajibu kwamba uzuri wake ndio huo, hakuna wa kumzuia mtu kusema. Jibu lile halikumkaa Elmina vizuri, lakini wakakubaliana waujaribu kwanza.

Ulianza vyema. Watu wa Kiptere waliandika kuhusu bonasi ya chai na daraja lililobebwa na maji, wa Merigi wakaandika kuhusu kwaya yao. Barua pepe za shukrani zilimiminika kutoka nchi ambazo Elmina alizijua kwa stempu tu.

Halafu asubuhi moja simu ililia kabla hajavua koti. Alikuwa Cheptoo, binti wa Kimulot aliyekuwa akisomea uuguzi Amerika. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Alisema amesoma kwenye tovuti kwamba baba yake, Mzee Kipngetich arap Mibei wa Kimulot, amefariki na anazikwa Jumamosi. Alikuwa ameshaanza kutafuta nauli.

Elmina akaufungua ukurasa huku simu iko sikioni. Tangazo lilikuwapo, chini ya Kimulot kama alivyosema. Lakini jina la aliyeliandika lilikuwa la Chepkurui, mwandishi wa Merigi, aliyepita ofisini siku iliyotangulia, Elmina akiwa benki. Elmina akajiuliza mtu wa Merigi ametangazaje msiba wa Kimulot, wakati watu wa Kimulot wenyewe wamenyamaza.

"Cheptoo, nisikilize," akasema. "Ukweli sijui bado, na sitakudanganya. Lakini hapa kuna kitu hakijakaa sawa. Usikate tiketi. Nipigie tena saa kumi ya huku."

Alipoweka simu aliliondoa lile tangazo, akampigia Mwalimu Kipkirui, na baada ya muda mfupi walikuwa ndani ya pikapu wakielekea Kimulot. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa telezi. Mwalimu alinung'unika njia nzima kwamba leo hii atalifunga hilo jambo la websaiti, watu warudi kuandika barua. Elmina alimwacha aseme. Macho yake yalikuwa kwenye mashamba ya chai pande zote mbili, akitafuta dalili za matanga, na hakuona watu wamekusanyika popote.

Walimkuta Mzee Kipngetich kwenye kituo cha kununulia chai, akibishana na karani aliyemrudishia majani kwa kuwa yamekomaa mno. Mwalimu alivua kofia. Ni Elmina aliyemsalimu mzee kwa Kipsigis, lugha aliyokua akiisikia Kiptere, alikozaliwa, akamweleza yote bila kuzunguka. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mke wake ameshaambiwa. Akaambiwa bado.

"Basi twende kwa hiyo simu," akasema, "kabla mama Cheptoo hajaanza kunililia."

Saa kumi simu ililia na Elmina akampa mzee mkono wa simu. Yeye akaushika kwa mikono miwili na kupaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Cheptoo. Ni mimi."

Kule upande wa pili kikasikika kilio.

"Sasa walisema niliuawa na nini?" mzee akauliza.

Kilio kikageuka kicheko, kikarudi kuwa kilio tena. Mzee akamweleza kwamba ng'ombe mwekundu amezaa, na kwamba karani wa chai ana roho ngumu. Mwishowe akamwambia, "Soma, mama. Siku nikifa kweli, huyu Elmina atakupigia yeye mwenyewe."

Kesho yake Chepkurui alikuja akiwa ameinamisha kichwa. Hakuwa ametunga uongo. Merigi kulikuwa na mzee mwingine wa jina hilo hilo, na huyo alikuwa amefariki kweli. Lakini kisanduku cha mahali hufunguka kikiwa kimeandikwa Kimulot, jina la kwanza katika safu, na yeye alikiruka bila kukigusa. Elmina alimketisha, wakaliandika tangazo upya na kulirudisha mahali pake, ili watoto wa marehemu nao wapate habari.

Kamati ilipokutana, Kiplimo alisafiri kutoka Nairobi. Alisema kwa upole kwamba kwa wataalamu wake jambo kama hilo haliwezi kutokea. Elmina akamuuliza kama wataalamu wake wangejua kuna akina Kipngetich wawili. Kiplimo, ambaye hakuwa mwongo, akakiri wasingejua. Na kosa likishatoka, wangeliondoa lini? Siku mbili za kazi, akasema, na likitoka Ijumaa, wiki inayofuata.

"Cheptoo angekuwa ameshapanda ndege," Elmina akasema. "Mimi nililiondoa kabla chai yangu haijapoa. Mfumo ni huu wa Makori. Ila kisanduku cha mahali kifunguke kitupu, na habari yoyote isubiri hadi mtu mwingine aisome na apige simu kituoni akiwa na shaka."

Makori alipinga. Alisema hiyo itakuwa kama kituo cha polisi.

"Mwalimu, kwani wanafunzi wako unawaacha wajisahihishie mtihani?" Elmina akamuuliza.

Makori akacheka, akaitikia kwa kichwa. Mwalimu Kipkirui bado alikuwa akitaka tovuti ifungwe, na huenda angewavuta wengine, lakini Mzee Kipngetich, ambaye hakuwa mjumbe wala hakualikwa, akasimama nyuma kabisa.

"Aliyekufa ni mimi," akasema, "na mimi nasema isifungwe. Binti yangu alikuwa hajasikia sauti yangu tangu Krismasi."

Hapo Mwalimu akaomba kura, na mikono ikainuka, wake ukiwa wa mwisho.

Makori aliurekebisha mfumo likizo ya Agosti. Kazi ya kusoma habari kabla hazijatoka, Elmina alimpa Chepkurui, aliyekuwa amekuja kuaga kwamba anaacha uandishi. Akawa msomaji asiyeachilia kitu. Mwezi huo huo alimrudishia Makori taarifa yake ya matokeo ya mtihani mara mbili, kwa kuwa hakuandika ni ya shule gani.