Kuku Waliohamishiwa kwa Wifi

Maneno yalianzia bombani: ukionekana na kuku wanaotaga, unafutwa kwenye pesa za msaada. Sikuyaamini, lakini hayakunitoka kichwani. Binti yangu analea wanawe peke yake kwa pesa zile, na mradi huohuo ndio uliompa vifaranga ili ajitegemee. Sasa wampe kuku, halafu wamwadhibu kwa sababu wametaga? Nikataka kujua nani kasema.

Jirani alisema kasikia kwa fundi viatu. Fundi viatu kasikia kwa mkewe. Mkewe akanitazama juu mpaka chini.

"Si wewe mwenyewe uliyeniambia, mama?"

Kumbe juzi, bombani, nilimuuliza kama kuku wakitaga mtu hufutwa, naye akachukua swali akalifanya habari.

Nilirudi mbio nimwambie binti yangu. Nikakuta banda tupu. Kuku wote kawahamishia kwa wifi yake, mke wa kaka yake, mtaa wa pili, na afisa wa mradi kashafika, kainama anachungulia bandani. Kinyesi bado kibichi.

"Wamekufa, dada," binti yangu akasema. "Wote."

"Wamekufa na nini?"

Tangu mwanzo angeweza kusema wameibiwa. Akasema mafua ya ndege. Mimi nilikohoa pale mlangoni ili anyamaze, afisa akasogea nyuma, akadhani na mimi yamenipata.

Akapiga simu hapohapo. Jioni daktari wa mifugo alikuja kupuliza dawa, akakataza mayai ya mtaa mzima yasiuzwe mpaka kuku wapimwe. Majirani wenye kuku walitutukana vizuri tu. Mwenye mkahawa, aliyekuwa akichukua mayai ya binti yangu kila siku, akatafuta muuzaji mwingine.

Kesho yake nilimshika binti yangu mkono mpaka ofisini. Akaeleza ukweli huku anaangalia sakafu. Ndipo nikamuuliza afisa lile ambalo mtaa mzima haukumuuliza: kuku wakitaga, mtu anafutwa?

"Hapana, mama. Msaada unapungua polepole, biashara ikishasimama. Jana nilikuja kuangalia kama banda linatosha, nimwongezee kuku wengine."

Wale wa kuongezwa wamepewa mwingine. Wa kwetu wamepimwa, ni wazima, na majirani wanawaita marehemu. Mayai tunayo. Mkahawa haujarudi, kwa hiyo binti yangu bado anategemea pesa zilezile alizokuwa karibu kuziacha.

Ninyi mnaopokea msaada, na ninyi mama zao, epukeni haya:

Kuuliza bombani jambo la ofisini.

Kuficha mali ya mradi kwa ndugu, hata awe mwema vipi.

Kutaja ugonjwa ambao haupo. Wenzenu nao wana kuku.

Kumwacha mteja asikie habari zako kwa watu kabla hujamfuata mwenyewe.

Kukohoa, badala ya kusema.