Sakafu ya Kumpokea Mama Watoto

Fundi wa vigae hutoka chumbani kinyumenyume. Unaanzia ukuta wa mwisho, unarudi nyuma mstari kwa mstari, unamalizia mlangoni ukiwa nje. Hilo hata kibarua wa wiki moja analijua. Mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii, minane kati yake nchi ya watu, na Jumapili ile nilianzia mlangoni.

Miaka yote minane nililala bweni la kampuni, wanaume wanane chumba kimoja. Mwaka huu kampuni ikakubali kuniandikia barua ya kumleta mke, sharti niwe na chumba changu. Nikapanga hiki, ghorofa ya pili, dirisha lina nondo, sakafu ya saruji iliyochimbika kama uso wenye ndui. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane asiyependa maneno mengi, akanipa funguo mbili, wangu na wa mke, na kuniruhusu nitandike vigae vilivyobaki kazini.

"Ukiharibu utatengeneza," akasema.

Kijiko, mwenzangu wa bweni, alinisaidia kupandisha maboksi. Tunamwita Kijiko kwa sababu ya kale kamwiko kake kadogo ka kupakia gundi.

"Mzee, mama akija itabidi ukorome kwa adabu," akasema.

"Anayekoroma ni wewe."

"Mimi? Mimi napumua kwa nguvu tu."

Akaenda zake kufua. Alipofunga mlango nikasikia kimya ambacho sikukizoea. Bwenini hata ukinuna kuna mtu wa kukununisha zaidi.

Sasa, mke wangu alikuwa bado hajakubali. Fomu ya kampuni ya kumleta ilitakiwa iwe na sahihi yake kabla ya Jumatano, naye alikuwa ameniambia, "Jumapili nitakupa jibu." Nikaona nikikaa bure naitazama simu nitapata wazimu. Nikachanganya gundi ya vigae.

Kigae kizima hukaa mlangoni, vile vilivyokatwa huenda kujificha ukuta wa mbali. Fundi mwenye akili hupiga mstari tu pale mlangoni, halafu huenda kuanzia ndani. Mimi nilikiweka kigae chenyewe. Nilitaka kuona mahali mguu wake utakapokanyaga kwanza. Nikaweka cha pili ili kulinganisha. Cha tatu. Mikono ikashika kasi yake, kichwa kiko kwingine, najibu maswali ambayo hata hajaniuliza. Nilipoinua uso niko kona ya dirishani, nimechuchumaa kwenye kipande cha saruji kinachotosha mtu na ndoo yake. Mbele yangu sakafu nzima mbichi. Gundi ile haikanyagwi mpaka kesho yake.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha, maana kucheka peke yako kwenye chumba kitupu kunatisha.

Simu ikaita, ya video.

"Mbona umejibana hivyo?" mke wangu akauliza.

"Naweka vigae."

"Hebu nione."

Nikaizungusha simu. Akatazama kote.

"Sasa wewe utatokaje?"

"Sitoki."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi mzima! Umekaa kama kuku anayeatamia! Nikiwahadithia wenzangu hawataamini." Yeye ni fundi cherehani, ana wenzake watatu kibarazani.

"Wahadithie tu."

Akajifuta macho kwa kanga. Akatulia.

"Baba watoto, mimi siji."

Kwa kawaida maneno yakifika pagumu mimi husema naitwa na msimamizi. Nimesema hivyo hata siku za mapumziko, na anajua. Siku ile sikuwa na msimamizi wala mlango.

"Nakusikiliza," nikasema.

"Nije nikae humo nikungoje urudi kazini? Kungoja nimezoea. Lakini hapa nangoja nikiwa na watu. Mama hainuki bila kushikwa mkono. Mjukuu yupo. Cherehani yangu ipo. Huko nitaongea na nani, na vigae?"

"Mimi nipo."

"Wewe upo saa ngapi?"

Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Natoka kukiwa na giza, narudi kukiwa na giza.

"Basi rudi wewe," akasema. "Utarudi?"

Simu ikazima. Chaji imekwisha.

Chaja ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na koti lilikuwa kwenye msumari kando ya mlango. Ningeweza kungoja mpaka kesho. Kisingizio nilikuwa nacho, tena cha kweli, hata kuapa ningeapa. Nikaitazama ile sakafu. Imenyooka, hakuna kigae kilichoinua pembe. Nimeweka vigae majumbani mwa matajiri, lakini hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote.

Nikainuka, nikaikanyaga. Kigae cha kwanza kikazama upande mmoja, gundi ikafurika pembeni kama uji. Cha pili kikateleza. Nikavuka tu. Nikachomeka chaja, nikangoja simu iwake, nikapiga nikiwa nimefungwa na ule waya kama mbuzi.

"Nilijua umekata," akasema.

"Chaji ilikwisha."

"Haya. Swali umelisikia."

"Nimelisikia. Mara ya mwisho nilipokuja mlinipakulia kwenye sahani za wageni. Mwanao akanibebea maji ya kuoga. Siku ya tatu mama yako akaniuliza naondoka lini. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini huko mimi sina pa kukaa, mama watoto. Nyumba yangu naijua kwa picha."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema polepole. "Jembe hatukukupa. Kosa letu. Lakini na wewe unakuja begi hujalifungua, tayari unaulizia tarehe ya kurudi."

"Nitakuja mwezi wa sita."

"Wa mwaka gani?"

"Mwaka huu."

"Haya," akasema, kwa sauti anayomjibia mteja aliyeahidi kupitia nguo zake kesho. Akaniaga. Mama yake alikuwa anamwita.

Gundi ilikuwa bado laini. Nikapiga magoti, nikaanza kuving'oa vilivyozama, navifuta kimoja kimoja na kuviegemeza ukutani. Mwenye nyumba akachungulia mlangoni. Akaitazama sakafu, akanitazama mimi.

"Mkeo anafika lini?"

"Haji."

Akatikisa kichwa kidogo.

"Basi ufunguo mmoja utakutosha," akasema, akanyoosha mkono.

Nikajifuta gundi vidoleni, nikampa ule wa pili.