Mti Tuliogawana

Mimi na kaka yangu tulikaa miaka sita bila kusemezana, kisa mti. Marehemu baba, mganga wa mitishamba, alituachia mti mmoja wa dawa ya kifua, wa mwisho katika msitu wote. Ile mingine watu waliichuna magome mpaka ikakauka. Matanga hayajaisha tukaanza kuugombania. Shangazi akachoshwa na kelele zetu, akauchora mistari miwili ya chokaa toka chini hadi juu: upande wa macheo wangu, wa machweo wa kaka. Tukaridhika, watu wazima na akili zetu.

Baba alitufundisha kubandua gome la upana wa kiganja, kupaka jeraha udongo, na kutorudi mpaka lizibe. Lakini wagonjwa waliongezeka, nami nikakiongeza kiganja, mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo, mpaka nikaifikia chokaa. Sikuivuka hata kwa ukucha, na nilijivunia hilo. Upande wa kaka sikuuchungulia. Nimchungulie wa nini?

Mwaka huu mti ulichanua kuliko nilivyowahi kuuona, mweupe mpaka kileleni. Nikatamba sokoni kwamba mkono wangu una baraka. Bwana misitu, aliyekuja kununua dawa, hakucheka. Aliniomba nimpeleke.

Alipofika aliuzunguka mti polepole, nami nyuma yake, mara yangu ya kwanza tangu msiba. Jeraha la kaka liliishia kwenye chokaa. Langu nalo liliishia kwenye chokaa. Mti mzima ulikuwa umevuliwa nguo kiunoni, halikubaki gome hata la upana wa kidole. Bwana misitu akanieleza kwamba chakula cha mizizi hupitia kwenye gome, na kwamba mti ukikaribia kufa huchanua kwa pupa ili uache uzao. Nikakaa chini palepale.

Nilimwita kaka. Alikuja amekunja uso, tayari kwa ugomvi, akaangalia, uso ukamshuka.

"Upande wako sikuugusa," alisema.

"Wala mimi wako."

Na ulikuwa ukweli mtupu, wa pande zote mbili. Sijapata kuona ukweli usio na faida kama ule.

Zikabaki mbegu. Bwana misitu alituonya kwamba mti wa aina hii haujichavushi wenyewe, unahitaji mwenzake, na mwenzake hayupo. Tulimsikia. Hata hivyo tuliulinda kwa zamu miezi miwili, tukiwafukuza nyani, huku majani yakipukutika. Vifuko vya mbegu vilipokauka tukavibeba hadi sebuleni kwa kaka, wifi akatandika mkeka, tukaanza kuvipasua kimoja kimoja. Cha kwanza kitupu. Cha kumi kitupu. Kufika adhuhuri ungo ulijaa maganda.

Kilibaki kimoja. Kaka alikipima kiganjani, nikaona usoni mwake kwamba ni chepesi kama vile vingine. Nikanyoosha mkono na kisu.

"Hiki tusikipasue, mdogo wangu," alisema. "Tukipande hivihivi."

Tulikipanda nyuma ya jiko lake. Kila asubuhi nakwenda kukimwagilia, namkuta kaka ameshatangulia, udongo umelowa, nami namwaga maji yangu juu ya yake.