Tundu Alilolifunga Wilbard

Julai ile ukungu ulikaa Chome majuma mawili bila kuondoka. Koleta, mjane wa miaka sabini na mbili, alikuwa anamaliza mzigo wa kuni kila baada ya siku mbili na bado analala na masweta. Akampigia simu Wilbard, mtoto wa marehemu mdogo wake, ambaye ni fundi Same mjini.

Wilbard alipanda mlimani akafanya kazi siku mbili. Aliziba nyufa kwa udongo na majivu, akapigilia mpira chini ya mlango, akatandaza magunia ya maganda ya kahawa juu ya dari. Likabaki tundu la hewa juu ya dirisha. Alijua, maana alifundishwa kwenye semina, kwamba nyumba iliyozibwa hivyo lazima iachiwe tundu. Alikusudia kuliwekea wavu. Lakini gari la kushuka Same lilikuwa linapiga honi barabarani, na upepo uliingilia palepale. Akashindilia matambara, akapaka udongo.

"Hapo juu si pangebaki wazi kidogo?" Koleta aliuliza.

"Nitarudi wiki ijayo nipatengeneze, mama mkubwa."

Wiki iliyofuata akapata kazi Makanya. Zikapita wiki tatu.

Jumamosi mchana jirani yake Koleta, Hedwiga, akapiga simu huku analia. Koleta aliingiza jiko la mkaa ndani ili aote moto akichambua maharage. Hedwiga alimkuta ameanguka, akamburuta hadi uani. Sasa alikuwa zahanati.

Wilbard alifika kesho yake asubuhi. Koleta alikuwa macho, lakini maneno yalimtoka taratibu na mkono wa kulia ulitetemeka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Muuguzi alikuwa anamgombeza. "Jiko la mkaa ndani, bibi, na mlango umeufunga!"

Hedwiga akamgeukia Wilbard. "Usijilaumu. Wewe ulimtengenezea nyumba vizuri. Mkaidi ni yeye."

"Ni kweli," Koleta alisema, akiangalia shuka. "Kijana wangu alijitahidi. Kosa ni langu."

Wilbard akasema anakwenda kuangalia nyumba.

Alipofika alipanda kwenye kiti akabomoa udongo kwa patasi. Matambara yakadondoka, hewa ya baridi ikampiga usoni. Jiko lilikuwa bado sakafuni, maharage yametapakaa pembeni yake. Aliyaokota moja moja mpaka yakaisha, kwa sababu hakuwa tayari kurudi kule.

Aliporudi, muuguzi na Hedwiga walikuwa bado wamo. Akasema akiwa amesimama: "Mama mkubwa si mkaidi. Tundu la hewa nililiziba mimi. Nilijua halitakiwi kuzibwa, nikawahi gari."

Hedwiga akashika mdomo. Koleta alimtazama.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Na asubuhi waliponisema, ulikuwa umesimama hapo hapo."

Koleta akageukia ukutani, na siku ile hakumsemesha tena.

Wilbard alikaa Chome wiki mbili. Alijenga jiko banifu jikoni, na bomba la kutoa moshi nje, akaweka matundu mawili yenye wavu. Mzigo wa kuni ukaanza kumaliza siku sita. Koleta alirudi nyumbani, akampikia makande, akamshukuru kwa jiko. Lakini kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na kila alipofanya hivyo Wilbard aliangalia pembeni.

Kabla ya kushuka Same alikumbuka nyumba nyingine tano alizoziziba mwaka ule huko juu. Alizifuata kwa miguu. Kwenye ya tatu, kwa mzee Aminieli, alikuta mlango umefungwa na harufu ya mkaa inatoka. Alibisha kwa ngumi zote mbili. Mzee akafungua, mzima, akishangaa.

"Shikamoo, mzee. Toa jiko nje kwanza," Wilbard alisema. "Halafu nikueleze nilichokufanyia."