Viungo Vinne vya Tamsin

"Ukiwasha hiyo gesi, Mama, nachukua lori langu naenda kwa Bevan."

"Nenda. Huyo jirani Bevan alilehemu redio yake mpaka leo inaongea kama bata."

Tulikuwa tumebishana robo saa nzima, mimi na binti yangu Tamsin, ndani ya banda la nyuma, milango wazi na nzi wanaingia bila hodi. Katikati yetu, juu ya meza ya kazi, ilikaa fremu ya lori lake la rimoti: kizimba cha mirija ya brasi, ile shaba ya njano, myembamba kama ya kunywea soda, alichokijenga kwa miezi minane. Magurudumu na mota vilikuwa pembeni, vikisubiri. Asubuhi ile alikuwa amelijaribu kwenye ngazi za bustani, likabiringika, na kiungo cha mbele kulia kikafunguka.

Ilikuwa saa nne na nusu. Saa nane klabu ya malori ya rimoti ingefunga orodha ya mashindano ya kupanda miamba kwenye korongo kavu, nje kidogo ya mji wetu, Broken Hill. Miaka mitatu Tamsin amekwenda kule kubeba maji na kupiga makofi. Safari hii jina lake lilikuwa kwenye orodha. Bila fremu nzima, lingefutwa.

"Hiyo lehemu yako ya bati ni gundi ya watoto," nikasema. "Kiungo kinachobeba uzito kinataka lehemu ya fedha na moto wa kweli. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita."

"Umefanya meno."

"Na meno yangu yanatafuna mbavu za kondoo vinywani mwa nusu ya mji huu. Kaulize."

"Lori halitafuni, Mama. Linaanguka."

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, nina stashahada, na sipendi kufundishwa lehemu na mtoto niliyembadilisha nepi. Nikanyoosha mkono kwenye tochi ya gesi. Akaifunika fremu kwa viganja vyote viwili.

"Kwanza angalia hiki. Ukimaliza, ukitaka choma."

Akavuta ubao kutoka chini ya meza. Nilikuwa nauona tangu Pasaka. Nilidhani ni mfuniko wa kitu, na zaidi ya mara moja niliweka kikombe cha chai juu yake. Akaugeuza. Upande wa pili alikuwa amefunga kwa waya vipande vya mirija vilivyolehemiwa ncha kwa ncha, arobaini na sita. Chini ya kila kimoja kulikuwa na maandishi ya penseli: unene wa mrija, aina ya lehemu, dawa iliyopakwa ili lehemu ishike, na lita za maji zilizokuwa kwenye ndoo iliyoning'inizwa hapo kiungo kilipoachia.

Nikavaa miwani.

Safu ya kwanza ilikuwa ya bati, ncha kwa ncha: lita nne, nne na nusu, nne. Safu ya pili ilikuwa lehemu yangu ya fedha. Viungo vyote vizima, vinang'aa, hakuna hata ufa. Lakini kando ya kila kiungo mrija ulikuwa umejikunja kama tambi iliyochemshwa. Vipande saba, mkunjo uleule.

"Moto wako unaifanya brasi iwe nyekundu," Tamsin akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ikipoa inakuwa imelegea. Halafu pale palipofunguka pameshashika bati. Ukipawasha nyekundu, bati linautafuna mrija."

Yote hayo nayajua. Kwa hilo la bati nilishamfokea mwanagenzi mbele ya watu. Nilikuwa nimebeba kinachofaa kinywani nikataka kukipachika kwenye lori, basi.

Safu ya mwisho kila kiungo kilikuwa na mrija mwembamba zaidi ndani yake, umepita nusu huku na nusu kule. Lita kumi na moja.

"Kikaachia hapo?"

"Mpini wa ndoo ndio ulioachia. Kiungo kipo."

"Nionyeshe."

Akachukua vipande viwili, kinene na chembamba, akavisugua kwa msasa, akapaka dawa. Mrija wa ndani ukaingia taratibu ukisukuma hewa nje, hauchezi hata kidogo. Akaubana wima kwenye jiliwa, akawasha tochi, akaelekeza mwali mdogo juu ya kiungo, na ncha ya waya wa lehemu akaigusisha chini kabisa. Bati likatoweka. Sekunde mbili hakuna kitu. Halafu ukingo wa juu ukazungukwa na pete ya rangi ya fedha, nyembamba kuliko unywele, kamili.

Metali ilikuwa imepanda. Imeacha chini ilikomwagwa, ikapita gizani kati ya kuta mbili, ikatokea juu kuufuata moto. Nimeliona jambo hilo maelfu ya mara kazini, na siku zote nilikuwa natazama saa ya ukutani. Nikasimama pale mdomo wazi. Hata nzi sikumfukuza. Huyu mtoto alikuwa amejaribu mianya ya ukubwa wa aina nne kati ya mrija na mrija mpaka akaupata unaoipandisha metali, akaandika kwa penseli, hakumwambia mtu.

"Mama, vipi?"

"Kwenye fremu yako, viungo vingapi vina mrija wa ndani?"

"Hakuna. Nilifika safu ya mwisho fremu ikiwa imeshakwisha."

"Kwa hiyo vile vitatu vilivyobaki..."

"Lita nne. Najua. Ndiyo maana nilitaka kuziba hiki kimoja nikimbie. Na mrija wa ndani hauingii bila kuikata fremu yote vipande vitatu. Leo, Mama? Nikichelewa nimekosa, nikiharibu sina nyingine."

"Ubao unasemaje?"

"Usinichape kwa ubao wangu!"

"Wewe umenichapa nao sasa hivi. Ama unauamini, ama tuuchome kuni."

Akautazama ubao, akaitazama fremu. Akavuta kamasi. Kisha akaizungushia kitambaa, akaibana kwenye jiliwa, akashika msumeno mwembamba na kuuweka juu ya kiungo cha mbele kushoto, kizima.

"Kata mirija ya ndani minne, milimita ishirini kila mmoja," akaniamuru. "Na ncha uzisugue vizuri, si kama meno."

Nikafunga gesi, nikavuta kiti. Kabla sijakata wa kwanza, kipande chote cha mbele kilianguka mezani, na yeye alikuwa ameshaigeuza fremu anakata nyuma.